Jim Thorpe: Gwiji aliyerejeshewa haki yake miaka 69 baada ya kifo

MNAMO Novemba 9, 1912, timu ya shule ya Carlisle kutoka jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilifika katika chuo cha kijeshi cha West Point kumenyana na vijana waliokuwa wakifunzwa kuwa maafisa wa jeshi. Wachezaji wa Carlisle walitoka katika makabila ya Wenyeji Asilia wa nchi hiyo. Ilikuwa imepita karibu miaka 22 tangu wanajeshi wa Marekani kuwaua mamia ya watu wa kabila la Lakota, wakiwemo wanawake na watoto, katika eneo la Wounded Knee. Kipenga cha mwisho kilipolia, Carlisle walikuwa wameshinda kwa alama 27 kwa 6.

Nahodha wa timu hiyo alikuwa Jim Thorpe, ambaye miezi michache awali alikuwa ameshinda nishani mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Wakati huo hakuna mwanamichezo aliyesifiwa kumpita. Hata hivyo, kabla ya majira hayo ya baridi kwisha, sifa hizo zingegeuka kuwa aibu ambayo hakustahili kuibeba.

Thorpe alizaliwa mwaka wa 1887 karibu na mji wa Prague, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Alikuwa wa kabila la Sac na Fox, na jina lake la jadi, Wa-Tho-Huk, hufasiriwa kuwa njia iliyoangazwa. Maisha hayakumwangazia mapema. Pacha wake, Charlie, alifariki wakiwa bado wadogo, na kabla hajawa mtu mzima alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili.

Mwaka wa 1904 alipelekwa Carlisle, shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka wa 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, katika kambi ya zamani ya wanajeshi. Lengo lake lilikuwa kuwafuta watoto wa Wenyeji Asilia utamaduni wao. Walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Baadhi yao hawakurudi makwao kamwe. Walizikwa papo hapo shuleni.

Ajabu ni kwamba katika shule hiyo hiyo, vijana walipata uwanja wa kuonyesha kwamba hawakuwa duni kwa yeyote. Kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaokaribiana na raga, ulikuwa mchezo wa vyuo vikuu vya matajiri. Carlisle haikuwa chuo kikuu, na wachezaji wake wengi walikuwa wembamba kuliko wapinzani. Chini ya kocha Glenn Warner, maarufu kama Pop, walitegemea kasi, pasi na hila za kumpumbaza adui. Mwaka wa 1911 waliwalaza Harvard kwa alama 18 kwa 15, Thorpe akipachika mikwaju minne ilhali mguu wake ulikuwa na jeraha.

Kiangazi cha 1912 alisafiri hadi Stockholm, Uswidi. Katika mashindano ya fani tano alishinda fani nne. Katika mashindano ya fani kumi alizoa alama 8,412, na kumwacha Hugo Wieslander wa Uswidi aliyemfuata kwa karibu alama 700. Mfalme Gustav wa Tano, alipomkabidhi tuzo, alimsifu kuwa mwanamichezo bora kuliko wote duniani.

Aliporudi, Thorpe hakupumzika. Msimu wa Carlisle ulianza Septemba, na timu hiyo ikacheza mechi 14, nyingi zikiwa ugenini. Ilishinda 12, ikatoka sare tasa na Washington na Jefferson, na kushindwa mara moja tu na Pennsylvania, kwa alama 34 kwa 26, wiki moja baada ya ushindi wa West Point. Ilifunga zaidi ya alama 500. Thorpe mwenyewe alivuka mstari wa mwisho na mpira mara 25, kama mchezaji wa raga anavyofunga trai.

Katika mechi ya West Point, Warner alikuwa amebuni mpangilio mpya wa wachezaji uliowachanganya wanajeshi. Jeshi lilitangulia kufunga, lakini Carlisle wakasawazisha, wakapita na hawakugeuka nyuma. Alex Arcasa alifunga mara tatu, naye nahodha wa wanajeshi, Leland Devore, akafukuzwa uwanjani kwa kumpiga mpinzani. Miongoni mwa waliohangaika kumzuia Thorpe alikuwemo kijana Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani.

Msimu ulifungwa Novemba 28 kwa kuwanyuka Brown 32 kwa 0. Kisha, Januari 1913, gazeti moja la Massachusetts likafichua kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kwa kucheza besiboli katika jimbo la North Carolina mwaka wa 1909 na 1910. Kanuni za wakati huo ziliwaruhusu wanamichezo wa ridhaa pekee kushiriki Olimpiki. Malipo yalikuwa kidogo, na wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vivyo hivyo wakijificha nyuma ya majina bandia. Kosa la Thorpe lilikuwa kutumia jina lake halisi.

Kanuni hizo hizo zilitaka malalamiko yawasilishwe katika muda wa siku 30. Miezi karibu sita ilikuwa imepita. Hata hivyo, wakuu wa michezo wa Marekani walimtupilia mbali, nao Warner na msimamizi wa shule wakashikilia kwamba hawakujua lolote. Thorpe alirudisha nishani, na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi.

Riziki aliitafuta kwa mwili wake. Alicheza besiboli katika ligi kuu kuanzia 1913 hadi 1919, na mwaka wa 1920 akawa rais wa kwanza wa chama cha kandanda ambacho leo ni ligi kuu ya NFL. Nguvu zilipopungua, dhiki ilimwandama pamoja na ulevi. Alifanya kazi za sulubu na kuigiza nafasi ndogo katika filamu. Mwaka wa 1950 waandishi wa michezo walimteua kuwa mwanamichezo bora wa nusu karne. Mwaka uliofuata alitibiwa saratani ya mdomo akiwa hana hela. Aliaga dunia Machi 28, 1953, jimboni California.

Hata kaburini hakutulia. Mjane wake aliutoa mwili Oklahoma, ambako kabila lake lilikuwa likimfanyia matambiko, akaukabidhi kwa mji mmoja wa Pennsylvania uliokubali kubadili jina na kuitwa Jim Thorpe. Wanawe walienda mahakamani kutaka arejeshwe kwao, lakini mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.

Kamati ya Olimpiki iliwapa watoto wake nakala za nishani mwaka wa 1983, lakini ikamtaja kuwa mshindi pamoja na waliomfuata. Ilichukua hadi Julai 2022 kumtangaza mshindi pekee, miaka 110 baada ya Stockholm. Jamaa za Wieslander walikuwa wamethibitisha kwamba mzee wao hakuwahi kujiona kuwa ndiye bingwa. Mwaka wa 2024 Thorpe alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe. Thorpe alinyimwa haki na watu waliozijua kanuni, naye aliyeshindwa katika mashindano hayo ndiye aliyeitambua mapema kuliko waamuzi.