MAISHA YA MUHAMADI KIJUMA WA LAMU

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nataka kuwaeleza ndugu zangu wa pwani khabari za Muhammad bin Abubakar al-Bakri, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Muhamadi Kijuma. Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akafa kwao mwaka 1945. Umri wake ulikaribia miaka 90, wala mkono wake haukuzoea kukaa bure.

Alikuwa mtungaji, alikuwa mchonga nakshi, alikuwa mwandishi wa khati. Lamu ni mji wa milango ya nakshi. Mchongaji huuchora ubao kwanza, kisha huutia patasi kidogo kidogo; patasi ikiteleza mara moja tu, jani la nakshi limevunjika wala haliungiki tena. Mtu mwenye hasira haiwezi kazi hiyo. Mkono ule ule Kijuma aliutia kalamu, akanakili kwa herufi za Kiarabu tenzi za wazee, na kurasa zake akazipamba. Alice Werner na William Hichens walimtaka awaandikie, na baada yao Ernst Dammann, aliyefika Lamu mwaka 1936. Nakala zake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 ni wake, na mwanawe Helewa alimtungia utenzi wa mawaidha uitwao Siraji, yaani taa.

Lakini sitawaficha jambo. Kijuma alipiga kinanda pia, akatunga nyimbo za ngoma. Wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameziharimisha ala za nyuzi, nami ndivyo ninavyosomesha. Kwa ajili hiyo kwa muda mrefu sikumtaja mbele ya wanafunzi wangu hapa Mazinde. Nilijiuliza, nitamtoaje mfano mtu kama huyu?

Kisha siku moja nilikaa barazani, milima ya Usambara i juu yangu, nikataka kunakili Juzuu Amma kwa kalamu ya mwanzi, iwe ya chuo chetu. Nilitaka nimalize kabla ya alasiri. Ukurasa wa pili haukwisha, mistari imekwenda upande. Nikaandika tena, ikaharibika tena. Kando yangu palikuwa na mtoto wa miaka kumi akiandika ubaoni mwake, na mstari wake umenyoka kama uzi, kwa kuwa yeye hakuwa na pa kukimbilia. Nikaona haya. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu hawezi kunakili utenzi mrefu, beti kwa beti, ila moyo wake umetulia kwanza. Na ukikataa kutulia, kazi yenyewe humfedhehesha. Miaka yangu yote ya kusomesha haikuwa imenipa utulivu ule.

Wala jambo hili si geni katika madhehebu yetu. Imamu Qaffal wa Marw, aliyekufa mwaka 417 wa Hijra, jina lake lenyewe ni kazi yake: fundi wa kufuli. Alifua kufuli hata akafika miaka 30 hivi, na kufuli moja aliyoifanya, pamoja na ufunguo wake, yasimuliwa kuwa ilikuwa ndogo ajabu. Ndipo akaanza kusoma, akawa kiongozi wa mafakihi wa Khurasani, na alama za ufundi zikabaki juu ya mikono yake. Qaffal aliiacha nyundo akashika kitabu. Kijuma hakuacha patasi, wala kalamu, na hesabu ya kinanda chake iko kwa Mola wake, si kwangu.

Tangu hapo, Jumatano baada ya alasiri, wanafunzi wangu huchonga kalamu zao wenyewe na kusaga wino wa masizi. Khabari za Kijuma huwasimulia mikono yao ikiwa kazini, na ile ya kinanda siiruki.