Eduardo Mondlane na Deni la Elimu

Kama unakaa Nachingwea au Ruangwa, bila shaka umesikia habari za FRELIMO. Wazee wa hapa wanaikumbuka kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji iliyokuwa Farm 17, Nachingwea. Wengi wanamkumbuka Samora Machel. Lakini kabla ya Samora, FRELIMO ilikuwa na kiongozi mwingine. Jina lake lilikuwa Eduardo Mondlane. Alikuwa mtu wa vitabu, na alikufa akifungua kitabu. Soma habari zake polepole. Kisha ujiulize: aliyesoma ana deni gani kwa asiyesoma?

Mtoto mchungaji

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu. Alifariki Eduardo akiwa bado mdogo sana. Eduardo alichunga mifugo pamoja na watoto wenzake. Mama yake ndiye aliyemhimiza aende shule. Alianza masomo akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Unaona, ndugu yangu? Hata yeye alichelewa kuanza.

Wakati huo Msumbiji ilitawaliwa na Wareno. Watoto wengi wa Kiafrika hawakupata shule kabisa. Waliopata walifundishwa mambo ya mwanzo tu, hasa katika shule za misheni. Mondlane alisomea kilimo katika misheni. Halafu akawafundisha wakulima wa kwao namna ya kulima mahali penye mvua chache. Alijua jambo, akawapa wenzake. Huo ulikuwa mwanzo wa kulipa deni lake.

Safari ndefu ya masomo

Mondlane alikwenda Afrika Kusini kusoma sekondari, kisha chuo kikuu. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza nchini. Mwaka 1950 alikwenda Ureno, na mwaka 1951 akaenda Marekani. Huko alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1960. Huu si udaktari wa kutibu wagonjwa. Ni shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu. Alimwoa Janet Johnson, Mmarekani. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu huko huko Marekani.

Maisha yake yalikuwa mazuri. Angeweza kukaa huko mpaka uzeeni. Lakini tarehe 25 Juni 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa mjini Dar es Salaam, naye akachaguliwa kuwa rais wake. Mwaka 1963 aliacha kazi yake Marekani, akahamia Dar es Salaam.

Taasisi ya Msumbiji

Miaka ile wakimbizi wengi walivuka mto Ruvuma kuingia kwetu. Wewe unajua kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao wana ndugu zao ng'ambo ya mto. Kati ya wakimbizi hao walikuwamo vijana waliotaka kusoma.

Mwaka 1963 ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji, huko Kurasini, Dar es Salaam. Mama Janet Mondlane alikuwa mkuu wake. Taasisi hii haikutafuta faida. Iliendeshwa kwa misaada ya watu na mashirika, na tangu mwaka 1965 serikali ya Sweden ilisaidia pia. Kwanza ilikuwa bweni la wanafunzi. Baadaye ikawa shule ya sekondari. Ilitayarisha vitabu vya shule na kufundisha wauguzi.

Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Kila sehemu ya Msumbiji iliyokombolewa ilihitaji shule. Watoto walikuwa wengi, na walisoma chini ya miti. Tatizo kubwa lilikuwa walimu. Wengi wao walikuwa wamesoma madarasa machache tu. Mondlane aliona kwamba kumkusanya mtoto chini ya mti si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumpatia mwalimu anayejua kufundisha.

Kambi ya Nachingwea

Kambi ya Nachingwea ilifunguliwa mwaka 1965. Watu wanafikiri kambini walifundishwa bunduki tu. Sivyo. Walikuja vijana wa makabila mengi, wenye lugha mbalimbali. Walijifunza kuishi pamoja kama taifa moja. Walilima chakula chao. Walisoma pia. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Kuanzia mwaka 1967 wanawake nao walipata mafunzo Nachingwea. Mmoja wao alikuwa Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel na kuwatunza watoto yatima wa vita.

Ugomvi juu ya elimu

Sasa tufike mahali pagumu. Viongozi wa FRELIMO waliamua kwamba wanafunzi wakatize masomo kwa muda, waende vitani au wakafundishe katika sehemu zilizokombolewa. Wanafunzi wengi walikataa. Walitaka kuendelea na masomo ya juu nchi za nje. Mwezi Machi 1968 fujo zilitokea katika shule ya Kurasini, na shule ikafungwa.

Huenda nawe unafikiri kwamba vijana wale walikuwa na haki. Mondlane mwenyewe alisoma mpaka mwisho. Kwa nini wao wakatishwe njiani? Hilo ni swali la kweli. Lakini fikiria pia mtoto aliyekaa chini ya mti bila mwalimu. Yeye angemngoja nani? Mondlane na wenzake waliona kwamba elimu ya mmoja imelipiwa na jasho la wengi. Kwa hiyo lazima irudi kwa wengi. Mwaka 1970 FRELIMO ilifungua tena shule ya sekondari, safari hii huko Bagamoyo. Mondlane hakuiona.

Kitabu chenye bomu

Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alipokea kifurushi mjini Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa humo lililipuka. Alikufa palepale, akiwa na umri wa miaka 48. Alizikwa Dar es Salaam. Mwaka 1979 mabaki yake yalipelekwa Maputo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Samora Machel akawa rais wa kwanza. Siku hiyo, katika kila watu wazima 100 wa Msumbiji, zaidi ya 90 hawakujua kusoma. Deni lilikuwa bado kubwa. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina la Eduardo Mondlane.

Nasi je?

Ndugu mwanakisomo, leo umeusoma ukurasa huu mwenyewe. Kwa hiyo nawe una deni. Jirani yako asiyejua kusoma, msomee barua yake, kisha umlete darasani. Siku ya mkutano wa wazazi usiulize habari za madawati na mabati tu. Uliza pia watoto wanafundishwaje. Fungua daftari la mtoto wako ulitazame. Mwalimu akiwa na shida, kijiji kimsikilize na kimsaidie. Jengo bila mwalimu mwema ni ghala tupu.

Maswali ya kujadili

1. Nani alimhimiza Mondlane kwenda shule?
2. Kwa nini Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa?
3. Katika ugomvi wa mwaka 1968, wewe ungekuwa upande gani? Eleza sababu zako.
4. Kijiji chenu kinaweza kufanya nini ili walimu wafundishe vizuri zaidi?