Simu ya King ilikuwa na masikio

Wengi wetu tunamjua Martin Luther King Jr. kwa ile hotuba ya Washington, Agosti 1963. Sasa sikia: Oktoba mwaka uo huo, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Robert Kennedy, aliwaruhusu FBI wanase simu zake.

Kosa lake? Eti rafiki na mshauri wake, Stanley Levison, alikuwa mkomunisti. Mchungaji huyu wa Atlanta alikuwa na miaka 34 tu. Makachero walisikiza simu za nyumbani na za ofisini, na hapo ndipo palipokuwa na balaa: hata ukimpigia kumjulia hali mkewe, nawe unasikizwa, na hukushukiwa lolote. Wakatega vinasa sauti hadi vyumba vya hoteli.

Novemba 1964, wiki chache kabla apokee Tuzo ya Nobel, walimtumia kanda na barua isiyo na jina. King aliielewa hivi: wanataka ajiue. Mkewe, Coretta, ndiye aliyefungua kifurushi hicho, Januari 1965.

Hakunyamaza. Aliuawa kwa risasi Memphis, Aprili 4, 1968, FBI wangali wanamfuatilia. Kamati ya Seneti ilianika mambo hayo miaka ya 1975 na 1976. Mwaka wa 1977 jaji akaamuru kanda hizo zifungiwe miaka 50.