Cecil Majaliwa: Padri aliyelelewa na chuo cha wanasoka

KABLA Zanzibar haijawa na klabu za soka, vijana wa chuo cha misheni cha Kiungani walikwisha kuujua mpira. Wengi wao walikuwa wamekombolewa utumwani, na kwa walimu wao uwanja ulikuwa darasa la nidhamu na uongozi.

Humo ndimo alimokulia Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani angali mtoto. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, karibu na Newala. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ya UMCA.

Aliiongoza Chitangali bila Mzungu wa kumsimamia, jambo nadra enzi hizo. Uaskofu, hata hivyo, haukumfikia. Dayosisi ya Masasi ilisubiri hadi 1968, Trevor Huddleston alipoondoka, ndipo ikaongozwa na Mwafrika, Hilary Chisonga.