Charles Lockwood, admirali aliyepambana na pini ndogo ya torpedo

Katika vita vya pili vya dunia, nyambizi za Marekani, yaani manowari zinazosafiri chini ya maji, zilikuwa na mashine nzuri ya kulenga shabaha. Lakini torpedo zao nyingi hazikulipuka. Aliyekubali kuwasikiliza mabaharia na kutafuta kosa liko wapi ni Charles Lockwood.

Lockwood alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tano 1890 katika jimbo la Virginia, akakulia Missouri. Alimaliza chuo cha jeshi la majini mwaka wa 1912, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwenye nyambizi.

Mwaka wa 1942 alipewa kuongoza nyambizi zilizokuwa magharibi mwa Australia. Huko alikuta makamanda wenye hasira. Walikuwa na TDC, mashine ya kupiga hesabu kwa magurudumu ya meno. Waliiingizia mwendo, umbali na mwelekeo wa meli ya adui, nayo ikatoa njia ambayo torpedo ilipaswa kufuata. Hata hivyo, meli za Japani ziliendelea na safari. Ofisi ya silaha mjini Washington ililaumu makamanda kwamba hawajui kulenga.

Lockwood aliamua kupima. Mwezi wa sita mwaka huo, watu wake walitega wavu wa wavuvi baharini karibu na Albany, wakafyatua torpedo kuelekea wavu huo. Matundu yalionyesha kwamba torpedo zilipita zaidi ya mita 3 chini ya kina kilichopangwa.

Mwanzoni mwa 1943 alihamishwa Pearl Harbor, Hawaii, kuongoza nyambizi za kundi la Pasifiki. Mwezi wa sita, kifaa cha sumaku kilichopaswa kulipua torpedo chini ya meli kilizimwa kwa amri ya mkuu wake, Admirali Nimitz, kwa sababu nacho hakikuaminika.

Kasoro ya tatu ilibaki. Mwezi wa saba, nyambizi Tinosa ilifyatua torpedo 15 kwa meli kubwa ya mafuta ya Japani. Torpedo 11 hazikulipuka, ingawa meli ilikuwa imekwisha kusimama. Kamanda wake, Dan Daspit, alibakiza torpedo moja ili ikachunguzwe.

Lockwood aliagiza torpedo zipigwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe. Moja haikulipuka, wapiga mbizi wakaitoa majini. Kisha vichwa vya torpedo visivyo na baruti viliangushwa juu ya chuma kutoka urefu wa mita 27. Kati ya 10 vilivyogonga wima, 7 vilikataa. Pini inayowasha baruti ilikuwa ikikwama na kupinda kwa nguvu ya pigo. Mafundi wa Pearl Harbor walitengeneza pini nyingine, nyepesi zaidi, na kufikia mwezi wa tisa nyambizi zilianza kwenda nazo vitani.

Wakati huo vita ilikuwa imedumu karibu miezi 21 kwa Marekani. Hadi mwisho wake, nyambizi 52 zilipotea pamoja na watu zaidi ya 3.500. Lakini nyambizi ndizo zilizozamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara ambazo Japani ilipoteza.

Mabaharia walimwita Mjomba Charlie. Alistaafu mwaka wa 1947, akaandika vitabu juu ya vita hiyo, akafariki mwezi wa sita 1967. Amezikwa California, karibu na kaburi la Nimitz.