Hugh Tracey, Muingereza aliyenasa nyimbo za Katanga kabla hazijapotea

Mwezi wa pili mwaka 1952, gari lililobeba mashine za kunasa sauti liliingia Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Mwenye gari alikuwa Muingereza wa umri wa miaka 49, Hugh Tracey. Barabarani alisikia kijana mmoja akipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini sauti ikitoka kama ya watu wawili. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Wimbo wake « Masanga » ulitolewa kwenye santuri, ukapata tuzo la Osborn, na ukawafundisha wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Rhodesia namna mpya ya kushika nyuzi. Mwaka 1969 Bosco alialikwa kwenye tamasha la Newport, huko Marekani.

Wakaaji wengi wa Katanga wanamjua Bosco. Huyu aliyesimama mbele yake na kipaza sauti mkononi hajulikani sana, na maisha yake yanafaa kusimuliwa, kwa mema yake na kwa maswali aliyoyaacha.

Tracey alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka 1903, katika jimbo la Devon, Uingereza. Alipokuwa bado kijana alikwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kumsaidia kaka yake aliyekuwa na shamba la tumbako. Huko alifanya jambo ambalo walowezi wachache walilifanya: alijifunza lugha ya Wakaranga na kuimba pamoja na wafanyakazi wa shamba. Akaona kwamba nyimbo hizo zinaishi kinywani tu. Mzee akifa, zinakwenda naye.

Mwaka 1929, kampuni ya Columbia ya London ilileta mashine zake Johannesburg. Tracey akawachukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao zaidi ya kilometa 800 ili waimbe mbele ya mashine hizo. Zilikuwa kati ya santuri za kwanza kabisa za muziki wa Waafrika wa Rhodesia. Baadaye alipata msaada wa fedha za Carnegie, akazunguka vijiji akichonga sauti kwenye sahani za alumini. Kisha alifanya kazi katika redio ya Afrika Kusini, mjini Durban, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya Wachopi wa Msumbiji na ngoma zao za timbila.

Lazima kueleza kidogo santuri zenyewe zilikuwa nini, kwa sababu vijana wengi hawajawahi kuishika hata moja. Ziliundwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi juu ya matawi ya miti huko India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba dakika tatu hivi, na wimbo wa kijiji uliozoea kwenda nusu saa ulibidi ukatwe. Sindano ya chuma ilikula mifereji kila ilipopita. Na ukiiangusha sakafuni, santuri inavunjika kama sahani ya udongo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, shelaki ilipokuwa haba, watu wa Ulaya na Marekani waliombwa kutoa santuri zao za zamani zisagwe ili kuundwa mpya. Nani anajua ni sauti ngapi zilikwenda hivyo.

Tracey aliyajua hayo yote. Kwa hiyo hakutegemea santuri peke yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, akisaidiwa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, alinasa kwenye utepe, na kutoka kwenye utepe ndipo santuri za kuuza zilipoundwa. Jenereta ya gari aliiweka mbali na waimbaji, waya mrefu ukiunganisha, ili mngurumo usiingie kwenye wimbo. Na kipaza sauti alikishika mwenyewe, akikisogeza kwa muimbaji, kisha kwa ngoma.

Tena kulikuwa na kadi. Kwa kila wimbo aliandika lugha, mahali, jina la muimbaji kama lilijulikana, aina ya ala, na hata jinsi ala ilivyopangwa sauti. Mtu yeyote mwenye santuri za babu yake nyumbani angeanza na jambo hilo, kwa sababu santuri isiyo na jina ni sauti ya mtu asiyejulikana. Mengine ni rahisi: zisimamishwe wima kama vitabu, zisilaliane, zikae mbali na jua na unyevu, zisisafishwe kwa alkoli, maana alkoli inayeyusha shelaki.

Safari za mwaka 1950, 1952 na 1957 zilimpitisha Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kwetu alinasa Waluba, Wakanyok, na watu wa kando ya msitu wa Ituri, wakiwemo Wambuti na Wanande. Kule Uganda alinasa ngoma za Kabaka. Mwaka 1966 jeshi la serikali lilishambulia jumba la Mengo, na wapigaji wakatawanyika. Rwanda alinasa ngoma za mwami, na miaka kumi haikupita ufalme wenyewe ukafutwa. Bila utepe wa Tracey, sehemu kubwa ya muziki huo tungeusoma tu.

Mwaka 1954 alianzisha huko Roodepoort maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM. Hapo ndipo kazi yake ilipokusanywa katika santuri kubwa zaidi ya 200 zilizoitwa Sound of Africa.

Lakini alikuwa mtu wa wakati wa ukoloni. Alipita kwa ruhusa ya serikali za kikoloni, na mara nyingi ni wao waliomwitia waimbaji. Alipenda muziki aliouona ni safi, akadharau mchanganyiko wa mijini, ingawa gitaa la Bosco lilikuwa tunda la mji wa migodi. Wengi wa waimbaji walipata malipo kidogo ya mara moja, kisha santuri zikauzwa mbali nao. Swali la nani mwenye wimbo halijafungwa hata leo.

Tracey alifariki mwaka 1977. Mwanawe Andrew aliihamisha maktaba hadi Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Katika miaka ya 2010 ILAM, pamoja na wanamuziki wa Kenya, walirudisha nakala kwa Wakipsigis wa Kapkatet, mahali ambapo mwaka 1950 wasichana walimwimbia Tracey wimbo juu ya Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, muimbaji wa Marekani waliyemjua kwa gramafoni tu. Nakala zilipofika, baadhi ya wazee walizisikiliza wakitaja mmoja mmoja majina ya waliokuwa wakiimba.