Thomas Midgley: Mvumbuzi wa gesi ya friji iliyokula tabaka la ozoni

Soda baridi dukani, chanjo ya mtoto kwenye friji ya zahanati, samaki anayefika sokoni kabla hajaoza. Vyote hivyo vinategemea gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya friji. Mtu aliyeongoza kazi ya kupata gesi ya friji isiyoua watu majumbani alikuwa Mmarekani, Thomas Midgley. Alikufa mwaka 1944 akiheshimiwa sana. Miaka 30 baadaye wanasayansi walitambua kwamba gesi yake inaharibu ngao inayoikinga dunia na mionzi mikali ya jua.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Baba yake naye alikuwa mvumbuzi. Mwaka 1911 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kemia, iliyompa jina, alijifunza zaidi akiwa kazini. Mwaka 1916 alianza kufanya kazi chini ya Charles Kettering, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa kampuni ya magari ya General Motors.

Petroli yenye sumu

Magari ya wakati ule yalikuwa na tatizo la injini kugonga. Desemba 1921, Midgley na wenzake waligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali yenye madini ya risasi, ikichanganywa na petroli, hutuliza mgongo huo. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa.

Lakini risasi ni sumu, na hilo lilijulikana tangu zamani. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo, akalazimika kwenda kupumzika Florida. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Mwezi huohuo Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo na kuinusa kwa dakika nzima, kuonyesha kwamba haina neno. Petroli hiyo iliendelea kuuzwa duniani kwa karibu miaka 100. Nchi ya mwisho kuiacha ni Algeria, mwaka 2021.

Gesi iliyozima mshumaa

Mwaka 1928 Kettering alimpa kazi nyingine. Friji za siku hizo zilitumia gesi kama amonia, na nyingine zenye sumu au zinazowaka moto. Bomba likivuja usiku, watu waliweza kufa usingizini. Midgley na msaidizi wake Albert Henne walitengeneza gesi mpya kutokana na kaboni, klorini na florini. Ikaitwa Freon. Wataalamu huliita kundi hilo la gesi CFC.

Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia mjini Atlanta, Midgley alivuta gesi hiyo mapafuni kisha akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Watu wakaona kwa macho yao kwamba gesi haiui wala haiwaki. Safari hii hakuficha kitu. Hakuna mtu aliyejua hatari yake. Baadaye CFC zikaingia kwenye friji, viyoyozi, makopo ya dawa za kupuliza na magodoro ya sponji.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, Midgley alipata polio na kupooza miguu. Alijitengenezea kifaa cha kamba na kapi cha kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, shingo yake ikiwa imenaswa katika kamba hizo.

Kilichotokea angani

Kati ya kilomita 15 na 35 juu ya vichwa vyetu kuna gesi nyingi ya ozoni. Ozoni hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua ya urujuanimno, ambayo hatuioni kwa macho. Mionzi hiyo ikizidi, huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, hudhoofisha kinga ya mwili, na hudhuru mimea pamoja na viumbe vidogo vya baharini ambavyo samaki huvila.

CFC hazioshwi na mvua wala hazivunjiki haraka. Hupanda polepole hadi juu, na huko jua kali huzivunja na kutoa klorini. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu chembe za ozoni zipatazo 100,000. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza hatari hiyo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, hupungua mno kila majira ya kuchipua huko. Hilo ndilo tunaloliita tundu la ozoni.

Wengi hudhani joto la siku hizi linaingia kupitia tundu hilo. Sivyo. Joto linaongezeka hasa kwa sababu ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na ukataji wa misitu. Hata hivyo CFC nazo hunasa joto: kilo moja ya Freon ya Midgley hupasha dunia joto kama maelfu ya kilo za hewa ukaa. Kwa hiyo kuzizuia kumesaidia mara mbili.

Dunia ilikubaliana

Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo. Mazungumzo yaliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, chini ya Mmisri Mostafa Tolba. Leo nchi zote za dunia zimejiunga. Ozoni inapona, na wataalamu wanatarajia kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040, na Antaktika miaka ya 2060. Baadhi ya gesi zilizochukua nafasi ya CFC haziharibu ozoni, ila nyingi kati yake hupasha dunia joto. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza nazo.

Sisi wa karibu na ikweta jua letu ni kali hata ozoni ikiwa nzima. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli saa za mchana ni kinga kwa kila mkulima, na kwa watu wenye ualbino ni suala la uhai. Na ukimwita fundi kutengeneza friji ya zamani, mwombe aivute gesi na kuihifadhi kwenye mtungi, asiiachie hewani. Ikiwa kidogo haina harufu wala haitakudhuru hapo ulipo, kama vile haikumdhuru Midgley siku ile ya mshumaa. Lakini ikishatoka, inaweza kukaa angani hadi wajukuu zako wawe wazee.